Geti la stesheni na ufunguo usio na mwenyewe

Mhariri,

Habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu stesheni ya reli itakayojengwa upya iwe "kitovu cha usafiri wa mjini" imenilazimisha kushika kalamu baada ya miaka mingi ya kusoma gazeti hili na kunyamaza. Bila shaka unaikumbuka, kwa kuwa ilipambwa kwa picha ya viongozi sita waliovaa kofia ngumu, kila mmoja akielekeza kidole mahali tofauti kwenye mchoro uleule. Mwandishi wako alitueleza kwamba wadau wote wameshirikishwa. Nimeutazama mchoro huo kwa miwani ya kusomea: kuna miti, kuna chemchemi, kuna watu warefu wembamba wanaotembea mikono mitupu. Hakuna hata mmoja aliyebeba mzigo, aliyeshika mtoto wala anayekimbilia basi.

Miezi michache iliyopita nilikwenda kwenye stesheni hiyo kumpokea mama yangu mdogo, ambaye goti lake la kushoto halimruhusu kupanda ngazi zaidi ya tano bila kupumzika. Treni yake iliingia saa tatu kasoro dakika nane usiku, na basi la mwisho la kuelekea kwetu huondoka saa tatu kamili. Kituo cha mabasi kipo nyuma kabisa ya jukwaa aliloshukia. Ukisimama kwenye uzio unaisoma namba ya basi na unamwona dereva akifuta kioo. Katika uzio huo kuna geti, na geti lina kufuli. Nilimwomba mlinzi atufungulie, naye kwa adabu nisiyoweza kuilaumu akanieleza kuwa geti ni la shirika la reli, njia iliyo ng'ambo ya geti ni ya halmashauri, na ufunguo unasubiri kamati ambayo haijakutana. Tukazunguka. Tulitoka kwa mlango wa mbele, tukafuata ukingo wa barabara usio na taa, kisha tukapanda daraja la waenda kwa miguu linalovuka reli na barabara kwa pamoja, ngazi 44 kwa hesabu yangu, mimi nikiwa na begi kichwani na mama mdogo ameshikilia mkono wangu. Tulikuwa juu ya daraja, yeye akipumzika kwa mara ya sita, basi lilipopita chini yetu likiwa na viti vitupu.

Niliandika barua tatu. Shirika la reli lilinijibu kwamba mabasi hayalihusu. Halmashauri ilinijibu kwamba uzio si wake. Wenye mabasi walinijibu kwamba hawawezi kumchelewesha dereva kwa ajili ya treni ambayo hawaarifiwi inafika lini. Kilichonikera zaidi, Mhariri, ni kwamba majibu yote matatu yalikuwa ya kweli. Kila mmoja alikuwa sahihi hadi kwenye mpaka wake, na abiria anaishi kwenye mpaka.

Kwa hiyo nikisoma kwamba wadau "wameshirikishwa", nauliza: waliitwa kupanga, au waliitwa kuonyeshwa kilichokwisha kupangwa? Tofauti hiyo imewahi kuugharimu mji mzima amani. Mradi wa Stuttgart 21 nchini Ujerumani, wa kuishusha stesheni kuu ya mji wa Stuttgart chini ya ardhi, ulitangazwa mwaka 1994, lakini wakazi walikuja kupigiwa kura ya maoni Novemba 2011, ujenzi ukiwa umeanza mwaka uliotangulia na polisi wakiwa wamekwisha kuwamwagia waandamanaji maji ya mizinga katika bustani iliyo kando ya stesheni. Utrecht, nchini Uholanzi, wakazi waliulizwa kwa kura mwaka 2002 eneo la stesheni yao lichukue mwelekeo gani, wakati bado kulikuwa na kitu cha kuchagua. Leo chini ya uwanja wa stesheni hiyo kuna maegesho ya baiskeli 12,500, na sidhani kama mchoraji wa chemchemi angeyawaza peke yake.

Hata wenye fedha na wataalamu wa kutosha huingia katika shimo hilihili. Stesheni kuu ya Berlin, Hauptbahnhof, ilifunguliwa Mei 2006 na kusifiwa kila mahali kwa vioo na chuma chake. Treni za juu za mjini zilikuwapo tangu siku ya kwanza, sitaki kusema uongo. Lakini tramu ilifika mlangoni Desemba 2014. Reli ya chini ya ardhi ilianza Agosti 2009 kwa kipande chenye stesheni tatu tu, nacho kikaunganishwa na mtandao uliobaki Desemba 2020, yaani mtoto aliyezaliwa siku ya uzinduzi alikuwa na miaka 14. Ikiwa hayo yametokea huko, mwandishi wako angeweza kuwauliza wale viongozi sita swali moja dogo: siku treni ya kwanza itakapoingia, basi litakuwa limesimama wapi, na ni nani kati yenu atakayeadhibiwa lisipokuwapo?

Waswisi walianza kwa saa ya ukutani. Tangu mwaka 1982 treni zao nchi nzima hupita kwa mpangilio unaojirudia, na mwaka 1987 wananchi wakaukubali kwa kura mpango ulioitwa Bahn 2000, yaani "Reli 2000". Waliamua kwanza kwamba treni zikutane kwenye stesheni kubwa karibu na saa kamili au nusu saa, mabasi yakisubiri nje, kisha ndipo wakauliza ni wapi panahitaji reli mpya ili ratiba hiyo iwezekane. Kati ya Zürich na Bern walijenga njia mpya ili safari iwe chini kidogo ya saa moja, si ya haraka zaidi, kwa sababu kwa kasi kubwa zaidi abiria angefika mapema na kuusubiri muunganiko uleule wa treni au basi. Sisi tunaanza na zege, halafu ratiba ndiyo inayotafuta pa kujibanza. Ratiba ya pamoja ni karatasi, Mhariri, na karatasi haizinduliwi kwa kukata utepe, ndiyo maana haina mtetezi.

Na ardhi je? Habari yenu iliipita kwa mstari mmoja, ilhali ugomvi wote umelala hapo. Shirika la reli linamiliki viwanja vilivyo katikati ya mji na linataka viwe minara na maduka ili vilipie madeni yake. Halmashauri inataka njia za kupita na uwanja wa watu. Wenye mabasi wanataka kugeuza gari bila kupoteza dakika. Luca Bertolini, mtaalamu wa mipango miji, amekuwa akieleza tangu miaka ya 1990 kwamba stesheni ni vitu viwili kwa wakati mmoja, kifundo cha mtandao, yaani pa kuunganishia safari, na mahali pa mji, yaani pa watu kuishi na kufanya shughuli zao, na kwamba vitu hivyo husaidiana na pia hugombania nafasi ileile. Ugomvi huo ni halali kabisa. Lisilo halali ni kuuficha nyuma ya picha yenye miti, kisha kumwachia mlinzi wa usiku aumalize kwa kufuli.

Nikiwa bado na hasira, niseme na hili. Kituo cha mabasi nilichokitaja kina jina lake, na stesheni ina jina jingine, ingawa vimetenganishwa na waya tu. Mgeni anayeuliza njia anaelekezwa mahali pawili. Vilevile mabenchi ya ukumbi wa kusubiria yaliondolewa kupisha vibanda vya biashara, hivyo anayekosa basi hununua asichokihitaji ili apate pa kukaa. Majina na mabenchi hayahitaji mkopo wala mshauri mwelekezi.

Pendekezo langu ni hili. Vikao vyote vya kupanga stesheni mpya vifanyike kwenye jukwaa, saa tatu kasoro dakika nane usiku, na kila atakayetia sahihi mchoro aje kwa treni na kuondoka kwa basi, akiwa na begi la kilo 20 na mzee mmoja wa kumshika mkono. Posho ilipwe kwenye kituo cha mabasi, ng'ambo ya uzio, na dirisha la malipo lifungwe saa tatu kamili. Muhtasari wa kikao cha kwanza uwe na ajenda moja: jina la mtu mmoja, si kamati, atakayekaa na ufunguo wa geti.

Begi nitalileta mimi. Mama mdogo amekubali kuwa yule mzee, ila anauliza kama atapewa kiti.

Wako,
Abiria wa treni ya usiku