Maua Ngomeni si uzungu

Mhariri,

Msomaji wako mmoja wa Mombasa alilalamika majuzi katika ukurasa huu juu ya watu wanaopendekeza maua yapangwe ndani ya Fort Jesus, ngome yetu ya kale iliyo makavazi siku hizi, kwa siku chache kila mwaka, kando ya vitu vya kale. Alisema huo ni uzungu, maua hunyauka, na ngome ina nyufa zinazongoja pesa hizo hizo. Kwa nyufa sina ubishi naye. Kwa huo uzungu ninao ubishi, na naomba nafasi niuseme.

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale. Marehemu mama alikuwa mtungaji wa vikuba, yale mafungu madogo ya maua ya kunukia wanayovaa wanawake, na mkeka wetu wa uani ulikuwa haukosi asumini, rehani na vipande vya mkadi. Siku hizi nakaa Boston, Marekani, kwa mwanangu, nalea wajukuu. Basi hicho anachokiita uzungu nimekiona kwa macho, na vikuba nimevitunga kwa vidole hivi.

Hapa Boston pana makavazi makubwa ya sanaa, Museum of Fine Arts, yaliyoanzishwa 1870. Kila majira ya machipuko, theluji ikishayeyuka na miti ingali na matumba tu, hufanya tamasha linaloitwa Art in Bloom. Lilianza 1976, na makavazi ya miji mingine ya Marekani yakafuata, San Francisco na Minneapolis yakiwemo. Vyama vya bustani vya miji ya jirani, wengi wao wanawake wa makamo na wazee kama mimi, hukabidhiwa kila kimoja kazi moja ya sanaa. Inaweza kuwa picha, sanamu, bakuli au kiti. Wao hupanga maua ya kuijibu kazi ile, kama malenga wa Mvita walivyokuwa wakijibizana kwa tungo: ukinakili maneno ya mwenzio umeshindwa, na ukitoka nje ya hoja yake umeshindwa pia.

Kiingilio ni zaidi ya dola 25, pesa nyingi kwa bibi asiye na mshahara. Lakini maktaba za mitaa huazimisha kadi za kuingilia makavazi kwa bei nafuu, na mkaza mwanangu aliniazimia moja. (Jambo hilo nalo lingefaa maktaba zetu, ila hiyo ni barua nyingine.)

Nitaeleza mpangilio mmoja ulionikalia moyoni. Kuna picha ya mchoraji John Singer Sargent ya mwaka 1882, ya mabinti wanne wa Edward Darley Boit. Ni ya mraba, zaidi ya mita mbili kila upande. Mdogo kabisa ameketi sakafuni na mwanasesere wake, mwingine amesimama mbele kwenye mwanga, na wakubwa wawili wako nyuma gizani, mmoja ameegemea mtungi wa Kijapani unaomzidi kimo. Mitungi ile miwili ya picha ipo kweli, nayo imesimamishwa pale pale, huku na huku ya picha, ya buluu na nyeupe. Familia ilikuwa haiachani nayo, ikisafiri nayo baina ya Ulaya na Marekani. Mitungi ilipofika makavazi na kuchunguzwa ndani, palitoka mpira wa tenisi, utepe wa waridi, ndege ya karatasi, kipande cha sigara na donati iliyokauka. Mabinti wenyewe waliitoa picha hiyo kwa makavazi 1919 kwa kumkumbuka baba yao. Hakuna hata mmoja wao aliyeolewa, na shoga yangu niliyekwenda naye aliguna aliposikia hivyo, akaendelea kuguna mpaka tukatoka chumba kile.

Aliyepewa picha hii alitia maua manne tu meupe. Moja chini kabisa, karibu na mdomo wa chombo. Moja mbele. Mawili ameyasukuma nyuma, ndani ya majani ya kijani kizito karibu na weusi, hata ukipita mbio huyaoni. Ubavuni akasimamisha jani moja jekundu, refu, kwa sababu katika picha kuna kiwambo chekundu upande wa kulia. Nilisimama pale mpaka miguu ikaniuma. Mama angemwita yule mwanamke aje akae mkekani.

Si wote waliopatia. Kuna ile picha ndefu ya mchoraji Gauguin aliyoichora kisiwani Tahiti mwaka 1897 na 1898, karibu mita nne kwa upana, ambayo mwenyewe alikusudia isomwe kutoka kulia kwenda kushoto: kulia mtoto mchanga amelala, kushoto ajuza ameshika kichwa akingoja mauti. Sisi tuliofunzwa alifu na bee chuoni hatuoni taabu kuisoma hivyo. Mpangaji yeye aliweka matumba upande wa kushoto na maua makavu kulia, yaani ajuza kampa matumba na mtoto kampa ukavu. Kazi yake ilipendeza sana, na watu waliipiga picha wee.

Sasa nije kwenye linaloniudhi. Nilitembea vyumba vile vyote, maua mamia kwa mamia, na pua yangu haikupata kitu. Waridi nyingi za madukani Marekani hutoka Colombia na Ecuador, hushukia Miami, kisha zikasambazwa kwa malori ya baridi. Waridi za biashara huchaguliwa kwa ugumu wa shina na kwa kukaa siku nyingi majini, harufu ikasahauliwa. Zetu za Naivasha zinazokwenda Uholanzi nazo hivyo hivyo. Watu wa Boston wanapanga maua kwa macho. Kwa rangi, kwa umbo, kwa nafasi iliyoachwa tupu baina ya shina na shina, wananishinda mbali. Lakini tamasha zima ungeweza kulitazama kwa nyuma ya kioo usikose chochote.

Kwetu ua lisilonukia ni pambo la watoto. Kikuba huanzia puani. Asumini huchumwa alasiri ingali imefumba, ili ifumbuke usiku ikiwa tayari imo nyweleni au kifuani mwa mwenyewe. Rehani hutiwa kwa ukali wake, mkadi ukakatwa vipande vyembamba, waridi la bustanini likipatikana hutiwa, kisha hufungwa uzi na kunyunyizwa marashi. Na kilua! Mti wake huota katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na wataalamu wa mimea wanaujua kwa jina la Mkilua fragrans. Kilua kimoja tu ukikifunga pindoni mwa leso, jirani atakuuliza unakwenda harusi ya nani. Sijakiona Boston, wala sitarajii.

Kwa hiyo namwambia msomaji mwenzangu: ukiona uzungu katika kuleta maua ya plastiki na waridi za friji ndani ya Ngomeni, niko upande wako. Lakini kumpa mtungaji wa vikuba mtungi wa kale na kumwambia aujibu, hilo silioni kuwa la mgeni yeyote.

Chukua vitu vilivyoopolewa kutoka Santo Antonio de Tanna, jahazi la vita la Wareno lililozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira. Wapiga mbizi walianza kuyachimbua mabaki yake 1977. Mtungi uliolala chini ya bahari miaka 280 utaujibu kwa ua gani? Ningekuwa mimi nisingetia asumini hata moja. Ningeuzungushia rehani tupu, kwa sababu ndiyo tunayoipanda makaburini, na kafuri kidogo, maana waliokuwa ndani ya ngome ile walikufa kwa maradhi na njaa wakingoja msaada, na ngome ikaanguka Desemba 1698. Mgeni akiinama kuusoma mtungi apigwe na harufu ya maziko kabla hajaliona andiko. Kwenye vito vya fedha vya Nyumba ya Waomani, iliyomo humo humo ngomeni, hapo sasa shusha makoja ya asumini. Mlango wa kuchonga, ambao fundi amekwisha kuujaza maua ya mbao, ningeuachia mkadi mmoja tu.

Walinzi wa makavazi wataogopa maji, na wana haki. Maji yakimwagika karibu na kitu cha kale ni balaa, na wadudu wanaokuja na majani ni balaa jingine. Ila kikuba hakihitaji chombo cha maji. Hukaa kikavu, hukamilisha kazi yake usiku mmoja, asubuhi kinatupwa. Majani yakaguliwe moja moja mlangoni, na maua yawekwe nje ya kabati la kioo, wala yasiguse kitu. Anayesema yananyauka, mbona hajawahi kuyalalamikia maua ya kitandani kwa bibi harusi?

Shida ya kweli ni saa. Makavazi yetu hufungwa jioni, asumini ndiyo kwanza inaamka. Boston hufungua mpaka saa nne usiku siku ya Alhamisi na Ijumaa, na nimeona watu wakitoka kazini wakipitia huko badala ya kwenda moja kwa moja nyumbani. Ngomeni kumewahi kufanywa maonyesho ya taa na sauti usiku, kwa hiyo kukaa wazi usiku si jambo geni pale.

Jingine la Boston ningeomba tuliige neno kwa neno. Kando ya kila mpangilio kuna kadi, na kadi ina jina la aliyepanga na chama chake. Mama alitunga vikuba vya harusi za watu wakubwa Mombasa, na sidhani kama kuna mahali jina lake limeandikwa isipokuwa kwenye kitambulisho.

Ila moja tusiliige kabisa. Wale akina mama wa vyama vya bustani hujitolea, na maua yenyewe wengine hununua kwa mfuko wao. Wanaweza, wana pensheni na nyumba zenye uwanja. Mtungaji wa vikuba wa Mji wa Kale anaishi kwa vikuba. Akiambiwa ajitolee kwa heshima ya utamaduni, atakuja mara moja kwa haya, na mara ya pili atatuma salamu.

Makavazi yaanze kidogo: vitu vitatu, watungaji watatu, Ijumaa moja baada ya masika, milango iwe wazi mpaka baada ya isha. Malipo yawe yale ya kazi ya harusi, na yatolewe asubuhi ya siku yenyewe, kwa sababu asumini hununuliwa kwa taslimu.

Mzaliwa wa Kibokoni,
Boston, Marekani