Cherehani kuukuu: tazama bobini kwanza, bei baadaye

Mhariri,

Wauzaji wa vitu vya zamani Karume na Tandika wana neno moja la kupandishia bei: "Hii Singer ya mkoloni." Mnunuzi akilisikia hufungua pochi kabla hajafunua kitu. Sisi mafundi tunasema umri peke yake haukushonei hata pindo. Kinachotenganisha cherehani ya kazi na pambo la sebuleni ni bobini, yaani kile kibiringo cha uzi wa chini.

Vuta kibati cha chuma kilicho karibu na sindano. Ukikuta bobini nyembamba, ndefu, ndani ya kichombo chenye umbo la mtumbwi, hiyo ni Singer mfano wa 27 au 127. Inashona mshono safi sana, ila kichombo kikiwa kimepotea, iache, maana hata Kariakoo ni nadra kukipata. Bobini ya duara iliyosimama wima kushoto, ndani ya kikasha chake, ni 15. Hii ndiyo ya kung'ang'ania: Butterfly za Kichina zilizojaa mitaani ni nakala yake, hivyo bobini na sindano za dukani zinaingia bila kuhangaika. Mfano wa 66 unalaza bobini bapa chini ya sindano, na bobini yake ina mashavu yaliyobinuka. Ukiilazimishia ya 15, uzi wa chini unavutika vibaya.

Umri unasomwa kwenye namba iliyogongwa kulia, chini ya nguzo. Futa kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya taa, usiguse msasa. Namba tupu, bila herufi, ni ya kabla ya 1900. Herufi mbili zinazoanza na E, kama EE au EG, ni za kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kuanzia miaka ya 1930. Ile K kwenye jina la mfano kama 15K nayo ni ya Kilbowie, jina la kiwanda hicho hicho. Beji ya "1851–1951" isikutishe: ni ya sherehe za miaka 100 ya kampuni, na mashine yenyewe ni ya mwaka 1951 hivi. Tena beji huhamishwa. Namba haihamishiki.

Wapo pia wanaouza "zebaki nyekundu", kitu cha kubuni kinachodaiwa kuwa na thamani kubwa, eti imefichwa ndani ya sindano. Mwaka 2009 uvumi huo ulipandisha Singer Saudi Arabia hadi makumi ya maelfu ya riyali, watu wakizigusisha simu kuona kama mtandao utakatika. Ndani ya cherehani mna chuma na mafuta tu.

Sasa zungusha gurudumu kuelekea kwako. Likiwa zito mzunguko mzima, ni mafuta yaliyoganda, hasa pale mtu alipotia ya kupikia. Mafuta ya taa kwenye matundu yote, usiku mzima, kisha mafuta ya cherehani, na itafunguka. Likigota mahali pamoja kila mara, tafuta uzi ulionasa nyuma ya ndoana ya bobini, na usipouona, ondoka. Tazama na shingo ya mashine kwa mwanga: ufa kwenye chuma cha kalibu hauchomelewi ukadumu.

Na gurudumu likizunguka huku sindano imetulia, muuzaji akasema ni mbovu, nunua kwa bei hiyo ya ubovu. Mara nyingi ni kile kitufe cha katikati ya gurudumu kimelegezwa wakati wa kujaza bobini. Kikaze kwa vidole.

Mafundi cherehani,
Ilala, Dar es Salaam