Rehema, Cary Grant hakuwa kibonge

Tanga

Mpenzi Rehema,

Salamu nyingi shoga yangu. Natumai wewe, baba Salma na watoto hamjambo, na baridi ya Moshi haijawazidi. Sisi huku wazima. Bi Saumu anakusalimia na bado anaulizia kile kitambaa. Ya kimya changu tutayazungumza siku nyingine, maana leo ujumbe wako kuhusu His Girl Friday, ile sinema ya Hollywood ya 1940, umenikosesha raha, acha nianze na hilo hilo.

Umesema mmeijaribu kwenye TV ya Mwalimu Chuwa mkaizima kabla ya nusu saa. Cary Grant kibonge, Rosalind Russell uso umetandazika, na maneno yote kelele tupu, kama mvua juu ya bati. Na sasa Kassim anataka kuifuta kwenye ratiba ya jioni zenu za sinema. Nakuomba mzuie kwanza. Cary Grant alikuwa mrefu, mwembamba, na suti ilimkaa kuliko mwanamume yeyote pale Hollywood. Sinema yenyewe hamjaiona bado. Mmeona nakala mbovu ndani ya TV iliyopangwa vibaya, na yote mawili yana dawa.

Unene kwanza. Karibu sinema zote za Hollywood za kabla ya 1953 zilipigwa kwa umbo linalokaribia mraba, upana 1.37 kwa kimo 1. Umbo pana lilikuja kwa kishindo Septemba 1953, studio ya Fox walipotoa The Robe kwa CinemaScope, mfumo wao wa picha pana, ili kuwavuta watu waliokuwa wamebaki nyumbani na televisheni zao. TV za leo ni 1.78 kwa 1. Kwa hiyo sinema ya 1940 ikikaa sawasawa inachukua kama asilimia 77 tu ya upana wa kioo, na kushoto na kulia panabaki peusi. Weusi ule uacheni. Mtu akiuona kama hasara huvuta picha mpaka ijae, na hapo kila uso unaongezeka upana kwa karibu asilimia 30: ndiyo huyo kibonge wenu. Wengine huikuza badala ya kuivuta. Sura zinabaki salama, lakini karibu robo ya picha inakatwa juu na chini, na kofia za wale waandishi wa habari zote zinakwenda na maji.

Kwenye rimoti tafuta sehemu ya ukubwa wa picha, uchague 4:3 au ile ya asili. Ila angalia, nakala nyingine zina ule weusi ndani yake tayari, na hizo ukiziwekea 4:3 watu watakonda. Kama mnatumia VLC, ile programu ya kuchezesha video, kwenye laptopu, herufi A hubadilisha umbo na herufi C hukata. Bonyeza mpaka zote mbili zirudi kwenye hali ya kawaida. Halafu pima: simamisha picha penye kitu cha mviringo kilichotazama mbele, saa ya ukutani kwa mfano, weka rula kwenye kioo. Upana na kimo vikilingana, umepata.

Wakati uko humo kwenye menyu, zima pia ule ulainishaji wa mwendo. Samsung waliuita Auto Motion Plus, kwenye TV mpya zaidi Picture Clarity, LG ni TruMotion, Sony ni Motionflow. Sinema ina fremu 24 kwa sekunde, yaani picha 24 zilizosimama. TV inabuni fremu za katikati ambazo hakuna kamera iliyozipiga, na matokeo yake nyota kama Humphrey Bogart anatembea kama yuko kwenye tamthilia ya mchana. Na ile hali ya picha kali kali ya dukani iondoe, uweke ya sinema.

Sasa sauti, na hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu His Girl Friday ni sinema ya masikio. Howard Hawks, mwongozaji wake, alitaka watu waongee kama wanavyoongea kweli, mmoja akimrukia mwenzake kabla hajamaliza. Ili maana isipotee, mwanzo na mwisho wa sentensi vilijazwa maneno yasiyo na uzito. Hayo ndiyo yanayogongana, na kiini cha sentensi kinabaki wazi katikati. Ufundi mkubwa ule! Lakini unategemea sauti safi. Herufi kali zikififia, kiini kinazama pamoja na yale ya pembeni, na mtazamaji anachoka bila kujua kimemchosha nini.

Kwa nini nakala mbaya ni nyingi kiasi hicho? Hakimiliki ya sinema hii haikuhuishwa ile miaka 28 ya kwanza ilipoisha, kwa hiyo tangu mwisho wa miaka ya 1960 mtu yeyote Marekani aliweza kuitoa na kuiuza. Wengi walinakili mikanda ya milimita 16 iliyochakaa, kisha nakala ya nakala. Kila hatua inakula rangi za kijivu za katikati na kutia ukungu kwenye sauti. Charade ya 1963, ya Grant huyo huyo na Audrey Hepburn, ilipata msiba kama huo kwa sababu tangazo la hakimiliki halikuwekwa inavyotakiwa. Kwa hiyo ukikuta sinema kubwa inauzwa kwa bei ya karanga na kila mtu, hapo ndipo pa kuwa mwangalifu. Nakala nzuri ya His Girl Friday ipo. Criterion, kampuni inayotoa sinema za zamani, walitoa diski iliyosafishwa 2017, ukimwagiza mtu anayesafiri usikosee jina.

Utaijua nakala pia kwa muda wake. Nzima ni dakika 92. Ikisoma kama 88, ni ile iliyotengenezwa kwa mfumo wa Ulaya, fremu 25 kwa sekunde: hakuna kilichokatwa, ila sauti za watu zimepanda kidogo. Ikipungua zaidi ya hapo, kisu kimepita. Tofauti hiyo hiyo ndiyo inayowavuruga kwenye maandishi ya chini. Faili lililoandikiwa nakala ya fremu 24 ukilibandika kwenye ya 25 linaanza vizuri, na baada ya saa moja limechelewa kama dakika mbili na nusu. Herufi G na H za VLC zinasogeza maandishi yote kwa kiasi kimoja, hazitibu kinachozidi kuchelewa kila dakika. Tafuteni faili la nakala yenu. Na sinema bubu ndiyo usiseme: nyingi zilipigwa kwa kamera ya kuzungushwa kwa mkono, wengine fremu 16, wengine 20 au zaidi, na ikichezeshwa kwa 24 ile ya 16, saa nzima inakwisha kwa dakika 40 na kila mtu anakimbia. Watu wanacheka wakidhani ndivyo Buster Keaton, yule mchekeshaji wa sinema bubu, alivyokusudia.

Uliuliza kwa nini nyota wa zamani wanang'ara hivyo hata bila rangi. Taa, Rehema, taa na fedha. Mkanda wa filamu wa wakati ule ulibeba chembe za madini ya fedha halisi, na wapiga picha walijua kuupaka kijivu cha kila namna. Mtazame Marlene Dietrich katika Shanghai Express ya 1932, kazi iliyompa mpiga picha Lee Garmes Oscar. Taa kuu iko juu mbele yake, kivuli kidogo kinaanguka chini ya pua, mashavu yanaingia ndani. Ndiyo maana namtumia Dietrich kupimia nakala. Kile kivuli kikionekana na bado uso una ngozi, nakala ni nzima. Uso ukiwa mweupe pee, ameuawa na mtu wa kunakili.

Na Casablanca, ile sinema ya Bogart ya wakati wa vita, vile vile. Kwenye nakala safi unaziona sura za nyuma, na za nyuma ndizo zenye habari yao. Conrad Veidt, anayecheza meja wa Kinazi, alikuwa Mjerumani aliyeikimbia nchi yake kwa ajili ya mke wake Myahudi. Madeleine Lebeau, yule binti anayelia wakati wa Marseillaise, wimbo wa taifa wa Ufaransa, alikuwa ameikimbia Ufaransa yenyewe. Marcel Dalio kwenye meza ya kamari, naye pia. Katika ukungu wa nakala mbovu wote hao wanakuwa umati tu.

Kuhusu mwigizaji Olivia de Havilland na kupotea kwake kwenye sinema, hakuwa mgonjwa kama alivyosema Kassim. Studio ziliwafunga nyota kwa mikataba ya miaka saba, na nyota akikataa kazi alisimamishwa bila mshahara, kisha muda aliosimamishwa unaongezwa mwishoni mwa mkataba. Mwigizaji Bette Davis alijaribu kujinasua kwa studio ya Warner mwaka 1936, akashindwa mahakamani London. De Havilland, mkataba wake ulipotimia 1943 wakataka kumwongezea miezi, akawashtaki California, na Desemba 1944 mahakama ya rufani ikasema miaka saba ni miaka saba ya kalenda. Karibu miaka miwili hakuingia mbele ya kamera. Aliporudi alichukua Oscar mbili, kwa To Each His Own na The Heiress. Alikufa 2020, ana miaka 104. Mwambie Kassim hiyo.

Na umwambie hili pia. Ile sinema iitwayo Hatari! anayoitaka ya ufunguzi, ya John Wayne, iliyopigwa Tanganyika na kutolewa 1962, mwongozaji wake ni Howard Hawks huyo huyo! Naielewa hamu yake. Watu watapenda kuiona nchi ya Arusha ya wakati ule, na waigizaji wenyewe walishiriki kuwafukuzia wanyama kwenye magari. Lakini ni dakika 157. Kwa jioni ya kwanza, watu wametoka kazini, viti vya mbao, hapana. Iwekeni Jumamosi mchana na mapumziko katikati. Wakianza na ile ya 1940 ya dakika 92, wakija kwenye Hatari! watamtambua Hawks: kundi la watu wa kazi moja, wote hodari, na mwanamke anayeingia katikati yao bila kuomba ruhusa.

Kabla hamjaizindua, mtu asimame dakika tatu aeleze nani ni nani, maana sinema haisubiri. Walter ni mhariri. Hildy ni mwandishi wake hodari na mtalaka wake. Bruce ndiye mchumba mpya. Earl Williams anasubiri kunyongwa. Katika tamthilia ilikotoka, Hildy alikuwa mwanamume. Hawks ndiye aliyemgeuza, na humo ndimo utamu wote ulimoingia. Waambieni pia kwamba Archie Leach, anayetajwa na Grant kwa mzaha, ni jina la Grant mwenyewe la kuzaliwa, na kwamba Grant anapomfananisha Bruce na mcheza sinema Ralph Bellamy, anayemcheza Bruce ni Ralph Bellamy. Bila hayo mizaha miwili inapita bure. Mwisho msiusimulie.

Projekta: iwekeni iutazame ukuta moja kwa moja, kwa kimo kinachofaa, kuliko kuinamisha kisha kunyoosha picha kwa menyu, kwa sababu kunyoosha kule kunatupa sehemu ya picha. Mkitaka kimo cha mita 1.5, tengeni upana wa mita 2 na kidogo. Projekta haiwezi kutupa weusi. Weusi wenu ni giza la chumba, basi zibeni madirisha hata kwa kanga, mara mbili. Shuka jembamba linapitisha mwanga, ukuta uliopakwa chokaa nyeupe isiyong'aa ni bora. Sauti ya sinema hizi ni ya njia moja, spika moja nzuri karibu na picha inatosha, besi punguzeni kabisa. Zile spika za harusi za kina Chuwa zisiguse His Girl Friday! Na kibali cha kuonyesha ulizieni mapema, wilayani.

Sasa nijibu. Nakala yenu inasoma dakika ngapi? Ni faili au diski? Ile projekta ya shule lenzi yake inakuza, au mpaka uisogeze? Ukumbi una mapazia? Nani atasimama kueleza, wewe au Mwalimu Chuwa? (Ningependa wewe.) Kassim ameshatangaza tarehe, au bado tuna nafasi ya kubadilisha ratiba? Je, niwaandikie ya The Lady Eve ya Barbara Stanwyck kwa jioni ya tatu, dakika 94, au tayari mna nyingine? Na kitambaa cha Bi Saumu kiko wapi jamani?

Ukipata nafasi kesho, simamisha picha kwenye kitu cha mviringo, piga picha kwa simu, nitumie.

Wako,
Zuhura