Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kabla ya kubishana kuhusu idadi ya watu, tutazame rafu ya zahanati

Mheshimiwa Waziri,

Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 44,928,923; ya 2022 ikatukuta 61,741,120. Kwa kasi hiyo ya asilimia 3.2 kwa mwaka, Tanzania inaongezeka maradufu ndani ya miaka 22 hivi. Majukwaani wapo wanaosema tuzae tu, ardhi ipo. Wapo wanaosema inatosha. Sisi tunaotoa huduma za uzazi wa mpango hatuombi kauli nyingine. Mama anayetaka kupumzika kuzaa miaka mitatu ameshaamua. Anachokosa ni huduma siku aliyokuja.

Tuanze na hesabu ya maagizo. Zahanati yenye wateja 120 wa sindano ya miezi mitatu inahitaji vichupa 120 kila robo mwaka. Vikikosekana siku 30, itatoa kama 80. Mhudumu anajaza 80 kwenye fomu ya taarifa na maombi, na mgao unaofuata unapimwa kwa 80 hiyo hiyo. Robo inayokuja vinaisha mapema zaidi. Namna ya kurekebisha inafundishwa: gawanya matumizi kwa siku ambazo dawa ilikuwepo, zidisha kwa siku zote za robo. 80 ÷ 60 × 90 ni 120. Ila anayejaza ni muuguzi mmoja, jioni, baada ya kuzalisha na kuchanja, na safu ya siku za kuishiwa huachwa wazi. Mfumo wa kielektroniki uikatae fomu yenye salio sifuri na safu hiyo tupu. Ni marekebisho madogo ya programu.

Siku 30 si kitu kidogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu mteja wa sindano hii achelewe hadi wiki 4 na bado achomwe bila masharti ya ziada. Wiki 4 ni siku 28; pengo la siku 30 linaupita muda huo.

Halafu kuna vijiti, vile vya kuzuia mimba vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, na hapa ndipo panapotuuma zaidi. Timu ya mkoba, yaani wahudumu wanaozunguka na vifaa vyao, inakuja kijijini, inaweka vijiti kwa wanawake wengi kwa siku moja, inaondoka. Aina ya kijiti kimoja hudumu miaka 3, ile ya vijiti viwili miaka 5. Muda ukifika, au hedhi ikivurugika kabla ya hapo, mama anakwenda zahanati kutolewa. Kutoa kunahitaji lidokeini ya ganzi, kisu kidogo, koleo nyembamba lililotakaswa na mtu aliyefundishwa. Kijiti kilichozama hata hakipapaswi kwa kidole, na mama huyo ni wa rufaa. Bajeti za kuweka zipo, za kutoa hazionekani. Mama akirudishwa mara mbili, mtaa mzima unasikia kwamba vijiti havitoki. Tangazo la redio halitalifuta hilo.

Tusidanganyane: hata huduma ikinyooka kesho, idadi itaendelea kupanda miaka mingi, kwa kuwa zaidi ya Watanzania 4 kati ya 10 ni watoto chini ya miaka 15. Madarasa na wodi za wazazi lazima zijengwe vyovyote vile.

Kwa bajeti inayoanza Julai tunaomba kifungu cha kutoa vijiti kiandikwe pamoja na cha kuweka, seti mbili za vifaa kwa kila zahanati ili moja itumike nyingine ikitakaswa, na timu yoyote ya mkoba isiruhusiwe kuweka mahali ambapo hakuna wa kutoa.

Wauguzi, wakunga na wafamasia wa vituo vya ngazi ya msingi