Penalti si bahati nasibu

Mhariri,

Tangu Harambee Stars, timu yetu ya taifa ya soka, watolewe na Madagascar kwa matuta, yaani mikwaju ya penalti, pale uwanja wa Kasarani, Nairobi, Agosti 22, 2025, kila ninayezungumza naye ananiambia ilikuwa bahati mbaya. Mimi sikubali. Vijana wetu waliongoza kundi lililokuwa na Morocco, tena wakawafunga Morocco wenyewe 1-0. Kwenye robo fainali hiyo ya CHAN, mashindano ya mataifa ya Afrika, walitangulia kupata bao, zikaisha dakika 120 kwa sare ya 1-1, kisha tukalala 4-3 kwa matuta. Kesho yake, uwanja wa Amaan kule Zanzibar, Sudan waliwatoa Algeria kwa mikwaju 4-2. Nchi yao iko vitani tangu Aprili 2023. Nani atasema wao ndio wenye bahati?

CHAN huchezwa na wachezaji wa ligi za nyumbani pekee. Kwa hiyo deni hili ni letu sisi tunaolea vijana huku chini.

Nafundisha vijana wa chini ya miaka 15 hapa Likoni. Jioni, mazoezi yakiisha, wanapiga penalti huku wakicheka na karibu zote zinaingia. Mwaka jana tulifika nusu fainali ya kombe la mtaa, ikaenda kwenye matuta. Mpigaji wangu hodari akatoka katikati ya uwanja peke yake, akauweka mpira, akauinua, akaufuta kwa jezi, akauweka tena. Moyo wangu ukashtuka. Akaupaisha juu ya mwamba. Kupiga anajua sana, ila mwendo ule hakuwahi kuutembea huku watu wote wakimtazama yeye.

Ombi langu kwa FKF, shirikisho la soka la Kenya, na waandaaji wa mashindano ya shule na mitaa: mechi ya vijana ikiisha sare, ipigwe mikwaju mitano mitano na mshindi aongezewe pointi moja. Gharama yake ni dakika kumi za refa. Waingereza walitolewa kwa matuta kwenye Kombe la Dunia la 1990, 1998 na 2006; walipoyafanyia mazoezi ya dhati chini ya kocha Gareth Southgate, wakawatoa Colombia mwaka 2018.

Na waliokosa pale Kasarani wasitukanwe, tafadhali. Walijitokeza kupiga.

Mpigaji wangu bado yuko kikosini. Wiki hii nimewaomba akina mama wanaouza viazi karai kando ya uwanja waje wasimame nyuma ya goli, wamtazame akipiga.

Kocha wa vijana,
Likoni, Mombasa