Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wanataaluma

Ndugu wanachama, itifaki imezingatiwa.

Nawashukuru mliofika. Chama kina wanachama 86 na hadi nasimama hapa nimehesabu watu 27. Tangazo lilibandikwa wiki tatu kabla na likatumwa mara nne kwenye kundi la WhatsApp. Suala hili la mahudhurio nitalirudia, maana ndilo mzizi wa mengi.

Shughuli za mwaka mnazijua. Semina za Alhamisi zilifanyika 11 kati ya 20, nyingi zikikwama wakati wa kukagua mazoezi ya kufundisha mikoani. Warsha ya kuandika maombi ya fedha za utafiti ilifanyika, na Wiki ya Utafiti tulishiriki kwa mabango 6. Tuliwasaidia pia wanafunzi wa uzamili waliokwama na vibali, kwani barua ya chuo hupita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikaenda wilayani, ikashuka halmashauri, ndipo mkuu wa shule akubali mtu aingie darasani. Wawili niliwafuatilia mwenyewe hadi ofisi ya mkoa kwa nauli yangu, na sikudai chama hata shilingi. Mapato ni shilingi 4,040,000 na matumizi 3,785,000. Mchanganuo anao Mweka Hazina.

Sasa nije kwenye uamuzi wa Machi, wa kusitisha kuwarejeshea wanachama ada walizolipa kwa majarida yasiyo na mapitio ya kweli, yaani makala kusomwa na kukosolewa na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa. Nimeitwa mbabe, na nimeambiwa nazuia vijana kupanda madaraja. Naomba mnisikilize.

Januari na Februari peke yake Mfuko wa Uchapishaji ulitoa shilingi 1,150,000 kwa makala tatu. Nilipozisoma risiti nilishtuka. Makala moja, ya ufundishaji wa hisabati kidato cha pili, ilipokelewa siku ya Jumatatu na kukubaliwa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, tena na jarida linalojitambulisha kuwa la uhandisi. Niliomba kuona maoni ya wasomaji waliopitia makala ile. Hapakuwa na maoni hata mstari mmoja. Palikuwa na ankara ya dola tu.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mwaka 2013 John Bohannon, mwandishi wa habari za sayansi, alituma makala bandia ya sayansi, yenye makosa ya wazi, kwa majarida 304. Majarida 157 yaliikubali. Lililoniuma zaidi ni kwamba waandishi aliowabuni aliwapa majina na vyuo vya kubuni vya Afrika, kimojawapo akakiweka Asmara. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliamuru kampuni ya uchapishaji ya OMICS ilipe zaidi ya dola milioni 50, kwa kuwadanganya watafiti kuhusu mapitio na kuwaficha ada. Nilijiuliza kama michango yetu iende huko, na nikaona hapana.

Najua uzito wa hoja ya vijana. Vyuo vishiriki vya elimu vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vilipoanzishwa mwaka 2005, pale Chang'ombe na Mkwawa, taifa lilikuwa likihitaji walimu wa sekondari upesi, na mzigo wa kufundisha umebaki mkubwa kwenye vyuo vya aina yetu. Mhadhiri msaidizi anasahihisha mamia ya mitihani, kisha anaambiwa bila makala hapandi. Jarida zuri linaweza kumweka mwaka mzima akisubiri. Hata hivyo, makala ya siku tano haimsaidii. Siku kamati ya kupandisha vyeo itakapolikataa jarida hilo, ada yake imekwenda na data yake imeshachapishwa, hawezi kuipeleka kwingine. Kwa hiyo shilingi 900,000 zilizobaki kwenye mfuko niliagiza ziwape wahadhiri wasaidizi watatu nauli na malazi ya kukusanya data vijijini. Wawili wamesharudi na kazi ya kujivunia. Mwanachama asiye na hakika na jarida amuone mkutubi kabla ya kulipa. Nimeshazungumza naye, yuko tayari.

Imesemwa pia kwamba uamuzi haukufuata katiba. Niliitisha kikao cha kamati ya chama mara mbili. Wajumbe ni tisa; mara ya kwanza tulifika wanne, mara ya pili watatu, akidi ikakosekana. Nikaweka pendekezo kwenye kundi la wajumbe na kutoa siku saba. Hakuna aliyepinga. Malalamiko yalianza baada ya ombi la kwanza kukataliwa, na waliolalamika kwa sauti kubwa ni wajumbe ambao hawakutokea kwenye kikao chochote. Ningesubiri akidi, mfuko ungekwisha kabla ya Pasaka. Kama mkutano huu unataka kuutengua uamuzi, utengue kwa kura leo, lakini mimi bado naamini nilifanya sawa.

Ada ya mwaka ni shilingi 60,000, shilingi 5,000 kwa mwezi. Wamelipa wanachama 34 tu. Waliobaki 52 wanadaiwa shilingi 3,120,000, zaidi ya robo tatu ya mapato yetu yote, na wapo kati yao walioomba mfuko uwalipie makala. Nimewapigia simu mmoja mmoja, wengine mara tatu. Inasikitisha kumdai mwalimu mwenzako hivyo.

Kwa mwaka ujao, panapo majaliwa, tunatarajia kufufua wazo la jarida letu wenyewe, litakalopokea pia makala za Kiswahili, maana matokeo ya utafiti kuhusu darasa yanapaswa kusomeka na mwalimu aliye darasani. Tutatafuta pia wafadhili wa masomo ya uzamivu kwa wakufunzi wasaidizi, na semina zirudi kila wiki hali ikiruhusu.

Mweka Hazina yupo mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Naomba kuwasilisha.