Matabibu wafunguliwe tena njia ya kupanda

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo limenikaa moyoni tangu nilipostaafu, nalo ni safari ya kielimu ya tabibu, yaani yule mtumishi ambaye wananchi wengi wa Pangani, Kilindi na Handeni humwita daktari kwa sababu ndiye wanayemkuta mezani wanapofika zahanati.

Mimi nilianzia chini kabisa. Nilimaliza darasa la saba, nikachukuliwa kwenye mafunzo ya Mganga Msaidizi Vijijini, kisha nikapangiwa zahanati moja ya milimani Lushoto. Baada ya miaka kadhaa nilirudi chuoni nikatoka tabibu. Nikatumika tena, na ndipo nilipokwenda kusoma miaka miwili ya udaktari msaidizi (ngazi iliyo kati ya tabibu na daktari mwenye shahada), ambayo sharti lake kubwa lilikuwa mwombaji awe ameshafanya kazi ya utabibu kwa muda usiopungua miaka mitatu. Sharti hilo lilikuwa na busara kubwa, na nasikitika kwamba halizungumzwi tena. Sote tulioingia darasani tulikuwa tumeshashika wagonjwa, kiasi kwamba mwalimu alipotaja mama aliyepasukiwa na mfuko wa uzazi, hapakuwa na mmoja wetu aliyehitaji kuchorewa picha ubaoni.

Nakumbuka upasuaji wa kwanza niliousimamia mwenyewe katika hospitali ya wilaya. Ilikuwa usiku, mama ameletwa nyuma ya pikapu akiwa na uchungu wa siku ya pili, mtoto amekaa vibaya, na daktari pekee wa wilaya alikuwa safarini. Tulikuwa mimi, mtoa dawa ya usingizi na mkunga mmoja mtu mzima. Mtoto alitoka kimya. Mkunga akamsugua mgongo kwa kipande cha kitenge cha mama yake, akamsugua tena, hata akalia. Wala hiyo haikuwa bahati ya mtu mmoja, kwani utafiti uliofanyika katika mikoa ya Mwanza na Kigoma, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa upasuaji mwingi wa dharura wa uzazi ulikuwa ukifanywa na madaktari wasaidizi, na kwamba matokeo kwa mama na mtoto hayakutofautiana sana na yale ya madaktari wenye shahada.

Njia hiyo sasa imefungwa, kwani mafunzo ya udaktari msaidizi yamesitishwa, na waliobaki kazini tunawahesabu mmoja mmoja wanavyostaafu. Sipingi nia ya Serikali ya kutaka wagonjwa wahudumiwe na madaktari wenye shahada, kwa kuwa ni nia njema na kila mzazi angeitamani. Ninachouliza ni hiki: tabibu aliyeko kazini leo apande kupitia wapi?

Kwa mpangilio wa sasa, kijana anayetaka kusomea utabibu anatakiwa awe amefaulu kidato cha nne katika masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Akisoma miaka miwili anaweza kutoka na astashahada akawa tabibu msaidizi, na akikamilisha wa tatu anapata stashahada na kuwa tabibu kamili. Zaidi ya hapo kuna shahada ya udaktari, miaka mitano darasani na mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Tabibu anaweza kuomba shahada hiyo kwa stashahada yake, ila awe na wastani wa B au GPA (wastani wa alama za chuoni) ya 3.0, na juu ya hayo vyuo hurudi kuangalia cheti chake cha kidato cha nne na kutaka walau alama D katika Fizikia, Kemia, Baiolojia, Hisabati na Kiingereza. Naomba msomaji alitafakari hilo la mwisho. Mtu ametibu malaria, nimonia na kifafa cha mimba kwa miaka kumi, anaaminiwa na tarafa nzima, lakini anazuiwa na mtihani wa Hisabati alioufanya akiwa na miaka kumi na sita. Na hata akiruhusiwa, anaanza mwaka wa kwanza bega kwa bega na aliyetoka kidato cha sita jana, kana kwamba miaka yake kumi kazini haikuwahi kuwapo.

Wenzetu wamefanya vingine. Nchini Marekani, kada ya wasaidizi wa madaktari ilianzishwa mwaka 1965 na Dkt. Eugene Stead katika Chuo Kikuu cha Duke, na wanafunzi wake wanne wa kwanza walikuwa watu waliokwisha kutoa huduma za tiba katika jeshi la majini, kwa maana kwamba kada yenyewe ilizaliwa kutokana na kuthamini uzoefu. Leo masharti yao yamepanda: mwombaji huwa na shahada ya kwanza, husoma shahada ya uzamili kwa takriban miezi ishirini na saba, hufanya mtihani wa taifa, na baada ya hapo hutakiwa kukamilisha saa 100 za kujiendeleza kila miaka miwili. Sisemi tuige kiwango hicho, kwa sababu tukikiiga mtoto wa Mkinga au wa Mkalamo hataingia kamwe. Nilichokipenda ni kwamba msaidizi wa daktari wa kule anaweza kuhama kutoka upasuaji kwenda magonjwa ya watoto bila kurudi shuleni kuchukua shahada nyingine. Karibu zaidi, ukivuka tu mpaka pale Horohoro, utakuta Kenya ina shahada ya kwanza ya utabibu na stashahada za juu za utaalamu kama vile macho na dawa za usingizi, zote zikiwa ni kwa ajili ya kada hiyo hiyo.

Kuna jambo jingine dogo linaloniumiza. Binti wa marehemu dada yangu alipata D za Kemia na Baiolojia, akakosa Fizikia. Wakala wa chuo kimoja cha binafsi akamwambia hilo halina shida, naye binti akalipa ada ya muhula mzima kwa fedha za shamba la minazi lililouzwa, na uhakiki ulipofanyika jina lake likakatwa. Ada haikurudi. Sasa anarudia Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, jioni anakuja kwangu Chumbageni na daftari lake la umeme na sumaku. Laiti masharti yangekuwa yamebandikwa kwa Kiswahili kwenye mbao za matangazo za shule za kata, wakala yule asingempata.

Kwa hiyo naziomba mamlaka zinazohusika zitazame mambo mawili. La kwanza ni kuanzisha shahada ya kujiendeleza kwa matabibu walioko kazini, fupi kuliko ile ya miaka mitano, itakayohesabu miaka ya utumishi na kuwapima kwa mtihani mgumu wa vitendo, wodini, mbele ya mgonjwa, badala ya kuwarudisha kwenye cheti cha kidato cha nne. Pili, kila mwaka kabla dirisha la udahili halijafunguliwa, maofisa elimu wa wilaya wapeleke shuleni masharti ya kila ngazi ya utabibu pamoja na orodha ya vyuo vyenye usajili. Nipo tayari kuzunguka na maofisa hao katika shule za Tanga bila malipo, iwapo watanihitaji.

Daktari Msaidizi mstaafu,
Chumbageni, Tanga